Mistari ya Mkaa Ukutani

Siku ile naikumbuka, mwanangu. Ilikuwa mchana. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, nami nilisimama nyuma ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu kule Kitahana, namtazama mzee mmoja akichomeka nondo ardhini kwenye kitako cha ukuta. Hakuigonga kwa nyundo. Aliisukuma tu kwa kiganja, nayo ikazama yote mpaka mkono wake ukagusa udongo. Akanigeukia, uso umembadilika, akaniuliza, "Gervas, mama yako yuko wapi?"

Mama alikuwa chumbani kwake, upande wa pili wa ukuta ule ule.

Nitafika hapo, usiwe na haraka. Kwanza nikueleze kwa nini nakusimulia. Juzi ulinionyesha simu yako, ndani yake picha ya ufa wa sebuleni kwako, ukaniuliza, "Fundi, hii inazibwa na nini?" Hukuuliza umetoka wapi. Mimi nikanyamaza, ukadhani sijaona, ukaikuza picha kwa vidole viwili. Niliona, bwana mdogo. Macho yangu bado mazima. Tena niliona na kitu kingine kwenye picha hiyo, nitakuambia mwishoni. Nilinyamaza kwa sababu swali lako lilikuwa swali langu nilipokuwa na umri wako, na lilinipotezea mke, na nusura limuue mama yangu mzazi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi mpya, na hakuna mtu wa kuogopwa kama fundi mpya. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ruhaga wa Kibondo mjini, mtu mfupi, mpole wa maneno, mwenye desturi ya kuizunguka nyumba mara tatu kabla hajasema lolote. Mimi nilikuwa nikimcheka pembeni. Niliona anapoteza muda. Baba yangu alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo nyumba ya kwanza niliyoijenga peke yangu ilikuwa ya mama: vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, bati juu. Kitongojini kwetu wengi walikuwa bado wanaezeka nyasi. Watu wakaja kuitazama, na kichwa changu kikavimba.

Mwaka uliofuata nikaposa, na mshenga wangu akawa huyo huyo Mzee Ruhaga. Binti aliitwa Selina, wa Murungu, mwembamba, mchache wa maneno, lakini macho yake yalikuwa hayapitwi na kitu. Jina hilo ulishike.

Sasa, watu wa milima hii unatujua. Bibi harusi akiingia kwenye nyumba isiyo na jiko lake, akapikia jiko la mama mkwe, kila siku itakuwa ugomvi wa masufuria. Kwa hiyo kiangazi kile, kabla ya harusi, nilitaka matofali ya kujenga jiko. Na matofali yetu unajua tunafyatulia wapi: papo hapo uani. Shamba la maharage haliguswi, migomba haiguswi, na udongo ni mzito kuubeba, basi mtu anachimba karibu na nyumba ili mgongo usiumie. Nyuma ya chumba cha mama kulikuwa na kichuguu. Udongo wa kichuguu hauna mfano. Tofali lake likitoka tanurini ukiligonga linalia. Nikakikata kichuguu mpaka kikaisha, na kwa vile udongo ulikuwa mzuri nikaendelea kushuka chini. Shimo likanifika kiunoni, kisha kifuani, na ukingo wake ukawa hatua moja tu kutoka ukutani. Mzee Ruhaga alikuwa amenionya zamani kwamba shimo la matofali likae mbali na nyumba, angalau urefu wa kamba ya mbuzi. Nikajiambia, nitalifukia.

Nikalifukia kweli. Lakini uliza nililifukiaje! Harusi ilikuwa imebakiza siku nne, wageni wa Murungu wanakuja, na shimo uani ni aibu mbele ya wakwe. Nikatupa ndani vigogo vya migomba, makapi ya maharage na majivu ya tanuri, juu nikatandika udongo, mimi na rafiki zangu tukaukanyaga kwa miguu huku tunaimba. Siku ya harusi watu walichezea ngoma pale pale juu yake. Mvua za kwanza zilipoanza nikapanda magimbi. Mwanangu, magimbi yale! Jani moja lingemfunika mtoto. Kila aliyepita aliyasifu, mama akawa anawagawia majirani. Hakuna aliyejiuliza yanakunywa maji wapi, na mimi niliyejua nilikuwa nashughulika kupokea sifa.

Ufa wa kwanza ulitokea chumbani kwa mama, pembeni ya dirisha, mwembamba kama unywele. Selina alikuwa na miezi miwili ndani ya nyumba. Mama akaniita, akaunyoshea kidole, akasema, "Nyumba hii ilikaa mwaka mzima haina kitu. Sasa tazama."

Nikamwambia ni lipu tu. Nikachukua mwiko nikauziba. Si tulifundishwa tangu darasa la kwanza kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta? Basi mimi niliziba, tena kwa bidii. Baada ya wiki tatu ufa ukarudi, chini mwembamba, juu kidole kinaingia. Nikauziba tena nikaongeza saruji. Mlango wa chumba ukaanza kukwama kwa juu. Nikaupiga randa. Ukakwama tena, nikaupiga randa tena, mpaka kona moja ikabaki wazi panya anapita. Nyumba inalia, mimi naunyoa mlango.

Asubuhi moja Selina alinifuata uani, ufagio bado mkononi. "Gervas," akasema, "kila siku chumbani kwa mama nafagia vumbi la tofali. Upande wa dirisha tu. Upande mwingine hakuna."

"Ni panya."

"Panya hasukumi ukuta." Akatazama nyuma ya nyumba. "Lile shimo la matofali ya jiko, si lilikuwa hapo kwenye magimbi?"

Sikuwa nimemwambia habari ya shimo. Kumbe jirani alimwambia zamani wakichota maji, na yeye akaunganisha mambo peke yake. Nikamjibu neno ninalolionea haya hadi leo. Nilimwambia, "Wewe umejenga nyumba ngapi?"

Hakubishana nami. Lakini Jumapili iliyofuata, tuliporudi kanisani na mama akabaki njiani akisalimiana na wenzake, nilimkuta Selina chumbani kwa mama ameshika kipande cha mkaa. Alikuwa amechora kimstari kifupi pale ufa ulipoishia.

"Ni nini hiki?"

"Alama," akasema. "Jumapili ijayo tutatazama kama ufa umetembea. Ukiwa umetembea, mama ahamie sebuleni."

Mimi nilikuwa fundi, mwanangu, nalipwa kwa kazi hiyo, na jambo rahisi namna ile halikuwahi kunijia kichwani. Badala ya kumshukuru nikamgombeza kwamba anachafua ukuta. Hakuacha. Kila Jumapili aliongeza kimstari, na kila Jumapili ufa ulikuwa umekipita cha wiki iliyotangulia. Aliniita nione. Nilikuwa naona. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nayaficha maradhi ya nyumba huku mwenye kulala ndani yake ni mama yangu.

Mistari ilipofika saba na kutokeza nje ya pazia la dirisha, mama akaiona.

"Mawe!" akapiga ukelele kwa lugha yetu, akimwita mama yake aliyekufa zamani. "Mawe! Naangamia!" Majirani wakajaa. Jioni hiyo baba mdogo akaitisha kikao sebuleni. "Ni nani anayemchorea mtu makaa juu ya kitanda chake?" mama akauliza. "Tangu huyu aingie nyumba inapasuka. Na sasa nimejua inapasuliwa na nini."

Neno lenyewe halikutamkwa mara moja. Lilizunguka kwanza mdomoni kwa mmoja, likaenda kwa mwingine, mwisho baba mdogo akalitoa: mchawi.

Selina hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. "Gervas, waambie," akasema. Maneno hayo mawili tu.

Nilikuwa na la kuwaambia. Ningesema mistari ile ni ya kupimia ufa, na ufa umetokana na shimo langu, kikao kingekwisha watu wakaenda kulala. Lakini wiki ile ile mwenye duka mmoja wa Kibondo mjini alikuwa ameniahidi kazi ya kumjengea duka. Nikawaza, ikijulikana kwamba fundi alichimba chini ya ukuta wa mama yake, nani atanipa kazi tena? Nikatazama vidole vya miguu yangu. Nikasema, "Mimi sijui mambo ya wanawake."

Ndiyo, mimi. Huyu huyu unayemwamkia kila asubuhi.

Selina hakulia. Kesho yake alifunga nguo zake kwenye kanga moja, akaanza safari ya Murungu kwa miguu. Alipokuwa anapita mbele ya nyumba za majirani aliwasalimia, "Mwakeye," kama ilivyo adabu kwetu asubuhi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikasikia. Hakuna hata mmoja aliyemwitikia. Watu waliokula magimbi aliyoyachemsha kwa mkono wake waligeuza migongo. Mimi nikaingia ndani, nikachanganya saruji, nikaipiga lipu mistari yake yote saba mpaka isionekane.

Baada ya wiki mbili Mzee Ruhaga akaja. Baba yake Selina alikuwa amemtuma, maana mshenga ndiye anayeulizwa ndoa ikienda mrama. Mama akamweleza kila kitu, makaa, ufa, uchawi, kisha akarudi chumbani kupumzika. Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Halafu akaniambia, "Nionyeshe huo ufa."

"Nimeshauziba, mzee."

Hakuingia hata chumbani. Akatoka nje, akaanza mzunguko wake, wa kwanza, wa pili. Wa tatu akasimama penye magimbi. Kabla ya mvua ya asubuhi ile jua lilikuwa limewaka wiki mbili nzima, mahindi ya jirani yalikuwa yamejikunja majani, lakini magimbi yangu yalikuwa yamesimama wima yanang'aa. Mzee akashika shina moja akaling'oa. Shimo lililobaki likajaa maji hapo hapo, na harufu ya vigogo vilivyooza ikatupiga usoni. Akainua macho kwenye bati: maji ya paa lote la upande ule yalikuwa yanamwagika papo hapo. Ndipo akaomba nondo. Na nondo nimekwisha kukuambia ilizamaje.

Tulikimbia ndani. "Mama, toka nje," akasema Mzee Ruhaga.

"Nitoke niende wapi, ndani mwangu mwenyewe?"

Mtu yule sikuwahi kumwona akimgusa mke wa mtu. Siku ile alimshika mama mkono, akamvuta kwa nguvu mpaka sebuleni, mama akipiga kelele kwamba mshenga kamvunjia heshima. Pale sebuleni akajinasua. "Mbegu zangu!" akasema. Maharage ya mbegu alikuwa ameyaweka kwenye debe chini ya kitanda. Akarudi. Nami nimesimama pale pale.

"Gervas!" mzee akapaza sauti.

Nilimkamata mama kwenye pindo la kitenge akiwa amekwisha vuka kizingiti. Nikasikia mlio mdogo, wa kijiti kikavu kinavunjika. Nikamvuta. Ukuta ukateleza kitako kwenda nje, na sehemu yake yote ya juu ikaingia ndani, pamoja na dirisha, pamoja na bati. Mwisho vumbi likawa jingi hata sikuona mkono wangu uliokuwa umeshika kitenge. Sikujua kama mama bado yumo ndani ya kitenge hicho. Wallahi, kama wasemavyo jirani zetu Waislamu, sikujua.

Alikuwemo. Tofali moja lilikuwa limemvunja mguu, basi. Kitanda hakikuonekana kabisa.

Majirani wakaja mbio, wanaume wakambeba mama kumpeleka zahanati, na mimi nikabaki na Mzee Ruhaga kwenye kifusi. Juu ya kitanda lilikuwa limepinduka pande kubwa la ukuta, na upande wa lipu ulikuwa umetazama juu. Lipu yangu, mwanangu. Laini, safi, haina ufa hata mmoja. Ukuta umeanguka, lipu nzima! Jirani mmoja akaligonga lile pande kwa sururu, lipu ikabanduka kama ganda la ndizi, na chini yake ikatokea mistari ya mkaa. Saba, mmoja juu ya mwingine.

Mzee Ruhaga akachuchumaa. Akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akapima kwa vidole nafasi ya mstari hadi mstari. Nafasi zilikuwa zinaongezeka. "Nani aliyechora hivi?" akauliza.

Na hapo, baada ya yote hayo, bado nikamjibu, "Sijui, mzee."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga. "Unajua," akasema. "Huyu alikuwa anaupima ufa. Gervas, nyumba hii ilikuwa na fundi mmoja, na mmemfukuza." Akasimama, akajipangusa magoti. "Ufa huzibwa, ndiyo, lakini baada ya kuulizwa. Wewe uliuziba mdomo kwanza. Nenda Murungu ukaseme kwa kinywa chako, kisha urudi useme hapa. Mimi nilibeba posa yako. Huu mzigo sibebi."

Nikamwambia nitakwenda mama akipona mguu. Mguu ukapona. Nikasema baada ya mavuno. Kisha baada ya kujenga ukuta upya. Habari ya shimo nilimwambia mama, maana kila mtu alikuwa ameyaona yale maji. Unajua alinijibu nini? "Shimo ulichimba wewe, mwanangu, lakini kilichouangusha ukuta ni ule mkaa." Nami nikaliacha jibu hilo likae. Lilinifaa. Mzee Ruhaga alifariki, mama naye akafariki, na mama yangu amelala kaburini akiamini kwamba mke wa mwanawe alitaka kumuua.

Mimi nilihamia hapa Kasulu. Nikaoa mke wangu huyu unayemwita bibi, nikajenga, nikapata jina: fundi anayesoma nyufa, fundi wa kuzunguka mara tatu. Watu wananisifu kwa ujuzi nilioiba kwa watu wawili, mzee mmoja na mwanamke mmoja. Ukisikia mtu anasifiwa sana, wakati mwingine muulize alisomea wapi.

Mwezi uliopita simu yangu ikalia. Sauti ya mwanamume mtu mzima. "Shikamoo mzee. Mimi ni mtoto wa Selina wa Murungu. Mama anasema uje utazame ufa nyumbani kwake."

Niliketi chini, mwanangu. Barazani pale, juu ya sakafu, na bibi yako akadhani nimepatwa na kiharusi.

Nikapanda basi la Kibondo, kisha bodaboda mpaka Murungu. Selina nilimkuta mlangoni, nywele nyeupe, mgongo umenyooka. "Karibu, fundi," akasema, basi. Sebuleni walikuwa wameketi wazee wanne nisiowajua, nikadhani ni ndugu zake. Akanipeleka moja kwa moja ukutani. Palikuwa na ufa, na kwenye ncha ya ufa, mistari ya mkaa.

Nilifanya kazi yangu kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nikazunguka mara tatu, nikachomeka nondo kwenye kitako ikagoma, nikatazama paa, milango, nje na ndani. Nikarudi. "Ufa huu ni wa lipu peke yake," nikasema. "Ilipigwa juani ikakauka upesi. Haujapenya kwenye tofali. Mistari yote iko mahali pamoja, haujatembea. Nyumba yako nzima."

"Hilo nalijua," akasema Selina. "Nimeupima mwaka mzima."

"Sasa umeniitia nini?"

Akawageukia wale wazee. "Hawa ni watu wa kijana anayetaka kumwoa mjukuu wangu. Wametoka Kitahana. Huko wameambiwa kwamba bibi yake binti ni mchawi, alichora makaa akaangusha nyumba ya watu. Wamekuja kuvunja posa." Akanitazama kama alivyonitazama kwenye kikao kile. Uso ule ule, umezeeka tu. "Gervas, waambie."

Miaka yote ile! Nilidhani neno lile lilibaki kwetu, likafa na mama. Kumbe lilikuwa linatembea. Lilimfuata kwenye ndoa yake ya pili, lilikaa naye kisimani, lilisubiri wanawe wakue, likawafuata, na sasa lilikuwa limemshika mjukuu ambaye hata hajawahi kukanyaga Kitahana. Ufa niliouacha mimi ulikuwa umetembea kizazi baada ya kizazi, na hakuna aliyekuwa anauchorea mstari.

Nikawaambia. Kichuguu, vigogo vya migomba, magimbi, randa, kikao. Nikawaeleza mistari ile ilikuwa ya nini na nani aliipiga lipu. Mzee mmoja kati yao akauliza, "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Akageuka akamwomba Selina radhi kwa niaba ya wenzake. Mimi hakunisemesha tena, na sikustahili.

Selina alinisindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaanza, akanyanyua kiganja. "Mama yako alikufa akiniogopa," akasema. "Na mimi nilitaka ahamie sebuleni tu." Akarudi nyumbani kwake.

Sasa sikiliza nasaha yangu, mwanangu, maana nimeilipia. Ukiona ufa usikimbilie mwiko. Wala usiuwekee kalenda juu, wala jipsamu, wala usipige picha ukawatumia watu wanaokuchekesha. Uulize kwanza. Ule mwembamba unaotambaa juu ya lipu tu mara nyingi ni ngozi, hauna neno. Lakini ukiona unashuka ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya matofali, au juu mpana kuliko chini, au umetokea nje na ndani mahali pamoja, au mlango uliokuwa unafunga vizuri umeanza kugoma, nyumba hiyo inainama. Toka nje utazame miguuni mwake: maji ya paa yanaangukia wapi, nani amechimba wapi, ni kitu gani kinastawi kupita kiasi wakati wa kiangazi. Chora mstari kwenye ncha ya ufa, andika na siku. Ukitembea, hamisha kitanda kabla hujamwita fundi, kisha mwite fundi anayezunguka kabla ya kusema. Na kabla ya fundi, muulize anayefagia chumba hicho. Yeye ndiye anayekutana na vumbi la kwanza.

Na kama shimo umelichimba wewe, sema siku hiyo hiyo. Aibu ya siku moja utaila na chumvi, itakwisha. Ukiiacha, watakuja kuila wajukuu wa watu wasiokukosea kitu.

Nilikuahidi kitu kimoja kuhusu picha yako. Kwenye ncha ya ufa wako kuna kialama cha kalamu, kidogo, na juu yake kingine. Wewe uliniambia ufa huo uko vile vile tangu mhamie, kwa hiyo si wewe uliyeweka. Nyumbani kwako mko wawili tu. Usinijibu mimi. Ondoka sasa hivi, nenda kamuulize mkeo alama hizo ni za lini, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize.

Mungu aisimamishe nyumba yako juu ya udongo wa kweli. Akupe kinywa kinachofunguka mapema kuliko changu. Na kila atakayefagia ndani ya nyumba hiyo, neno lake lisikilizwe, na akipita njiani akasalimia, aitikiwe.